Zege Halisomi Kalenda

Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island katika jimbo la West Virginia, Marekani, mafundi walikuwa wakijenga mnara wa kupoozea maji wa kituo cha umeme. Kiunzi chao hakikusimama juu ya ardhi. Kilifungwa kwenye ukuta wa mnara, na kila duara jipya la zege lilipomwagwa, mzigo ulibebwa na duara lililomwagwa jana yake. Asubuhi hiyo, baada ya usiku wa baridi, zege la jana lilishindwa. Kiunzi kikachomoka, watu 51 wakafa. Wachunguzi wa serikali walihitimisha kwamba sababu kubwa ni kulitwisha zege mzigo kabla halijapata nguvu ya kutosha. Kwa maoni yangu, kosa la aina hii lina mzizi mmoja: kuhesabu umri wa zege kwa siku, ilhali umri wake wa kweli ni joto lililopata tangu limwagwe.

Zege haliwi gumu kwa kukauka kama wengi wanavyodhani. Saruji huungana na maji kikemia, na muungano huo hutegemea joto: likishuka kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, muda wa zege kushika huongezeka karibu maradufu. Likifika chini ya sifuri, maji yaliyomo huganda na kutanuka kwa asilimia 9, yakivunja viungo vichanga kati ya saruji, mchanga na kokoto. Zege lililoganda likiwa bichi laweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake ya mwisho, na kulipasha moto baadaye hakurudishi kilichovunjika. Hata hivyo baridi yenyewe si adui. Zege lililokomaa polepole kwenye ubaridi usiogandisha mara nyingi huishia kuwa imara kuliko lililoharakishwa na jua kali. Mwongozo wa American Concrete Institute unalitaka zege lifikishe nguvu ya megapaskali 3.5 kabla ya kuguswa na barafu kwa mara ya kwanza, na likitunzwa kwenye nyuzi 10 hufika hapo kwa takriban siku mbili. Pambano lote la majira ya baridi ni kuzilinda saa hizo.

Mafundi wa nchi za baridi huanza na maji, kwa sababu ni rahisi kuyapasha na hubeba joto jingi kuliko mchanga na kokoto. Barafu huondolewa kwenye nondo na mbao, na zege halimwagwi kamwe juu ya udongo ulioganda, maana ukiyeyuka hutitia. Kisha zege hufunikwa kwa mablanketi mazito au hujengewa hema lenye hita. Moshi wa hita lazima utolewe nje: hewa yake ya ukaa hugeuza uso wa zege kuwa vumbi kama chaki, na sumu yake huua wafanyakazi.

Wapo watakaosema kwamba saruji hutoa joto lake yenyewe, kwa nini gharama zote hizi? Ni kweli kwa msingi mnene. Slabu nyembamba, na hasa pembe zake, hupoteza joto hilo haraka kuliko linavyozalishwa. Wengine hutegemea kloridi ya kalsiamu. Huharakisha kushika, lakini kwa kiasi kinachoruhusiwa haizuii maji kuganda, na ndani ya zege lenye nondo huleta kutu.

Hoja nzito zaidi ni ya mkandarasi: kila siku ya kusubiri ni mshahara na riba. Naielewa, na ndiyo maana nasema apime badala ya kukisia. Vipimajoto vinavyozikwa ndani ya zege huonyesha joto lililokusanyika, na kutokana nalo mhandisi hukadiria nguvu iliyofikiwa. Pengine kipimo kitamruhusu kufungua mbao mapema kuliko alivyotarajia. Vipande vya majaribio navyo vilazwe kando ya jengo, kwenye baridi ileile; vikitunzwa kwenye maabara yenye joto vitatoa jibu la zege jingine. Huko Bailey's Crossroads, Virginia, mwezi Machi 1973, mirunda ya ghorofa ya 23 iliondolewa mapema mno. Sehemu ya jengo ikaporomoka, wakafa watu 14.

Hata kwetu Tanzania suala hili lipo. Wilayani Makete, Juni na Julai, sakitu huunguza mazao alfajiri. Fundi anayemwagilia slabu changa jioni ya namna hiyo, kama alivyozoea Dar es Salaam, anaongeza maji yatakayoganda juu yake. Afunike kwa nailoni ili unyevu ubaki, aweke nyasi kavu na turubai juu yake, na mirunda aiache hadi vipande vya majaribio vilivyolala palepale vithibitishe kwamba slabu inaweza kujibeba.