Wanawake wabunifu majengo: Mtaji unaopotelea njiani

FEDHA za ufuta na korosho zikishalipwa baada ya minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, sehemu yake hugeuka tofali, saruji na bati. Kuanzia Chunyu hadi Ruangwa mjini na Nachingwea, mfanyabiashara aliyepata faida huwaza fremu za maduka, nyumba ya wageni au ghala.

Swali la nani amechora ramani huja mwisho, mara nyingi baada ya kuta kupasuka, au ghala kuvuta unyevu na korosho kushuka daraja. Hapo hasara imekwishaingia.

Katika soko hili la huduma za ubunifu majengo upo mtaji ambao umekwishagharimiwa, lakini unapotelea njiani. Nao ni wanawake waliosomea kazi hiyo.

Shahada ya Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, peke yake haimpi mhitimu haki ya kujiita mbunifu majengo aliyesajiliwa. Sharti kwanza apate uzoefu chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, ndipo aombe usajili kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), inayoongozwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Kipindi hicho humkuta akiwa na miaka ishirini na kitu, umri uleule ambao wengi huzaa mtoto wa kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipa likizo hiyo. Yeye hulipwa kwa hatua: michoro ya awali, michoro ya kibali, kisha usimamizi wa ujenzi. Akijifungua katikati ya usimamizi, hatua husimama na malipo husimama. Mafundi wako saiti, nondo zimeshafungwa na zege halingoji. Mteja hutafuta mtu mwingine, na mama akirudi anaanza upya kusaka kazi.

Hapa ndipo mlezi wa kazi anapokuwa na thamani ya fedha. Mbunifu mzoefu akishika saiti kwa wiki 12 kisha akaikabidhi kwa mwenyewe, mteja hapotezi muda, na kijana hapotezi jina wala hesabu ya uzoefu wake.

Mifano ya kuigwa ipo. Dk. Victoria Heilman, aliyefundisha Chuo Kikuu Ardhi na kuanzisha kampuni ya VK Green Architects, ni miongoni mwa waasisi wa TAWAH, umoja wa wanawake wabunifu majengo wa Tanzania unaojenga makazi ya wasiojiweza na kuwafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa ujenzi. Kwa msichana anayeanza, kuona mwanamke akiongoza saiti kunamfunza jambo ambalo darasa haliwezi kumpa.

Nchini Kenya, Chama cha Wabunifu Majengo (AAK) kilianzishwa mwaka 1967, lakini kilimpata rais wa kwanza mwanamke, Emma Miloyo, mwaka 2017. Miaka 50 ilikuwa imepita. Kimataifa nako si tofauti sana: tuzo ya Pritzker ilianza mwaka 1979, na mwanamke wa kwanza kuipata, Zaha Hadid, aliipokea mwaka 2004.

Mfanyabiashara anayetaka kujenga msimu ujao haombwi kutoa sadaka. Aulize mambo matatu kabla ya kutia saini: Je, jina la mbunifu limo katika rejista ya Bodi? Nani atashika usimamizi mwenyewe asipokuwepo, iwe kwa uzazi au ugonjwa? Malipo ya kila hatua yatagawanywa vipi katika muda huo?

Yakiandikwa katika mkataba, siku 84 za uzazi hazisimamishi jengo. Yasipoandikwa, mama hupoteza kazi, na mwenye ghala hubaki na mbunifu mpya asiyejua kwa nini msingi ulichimbwa pale.