Nyasi ya Rhodes

Nyasi ya Rhodes (jina la kisayansi: *Chloris gayana*) ni nyasi ya kudumu ya familia Poaceae yenye asili ya Afrika. Siku hizi hulimwa katika nchi nyingi zenye joto kwa ajili ya malisho na nyasi kavu. Jina lake linatokana na Cecil Rhodes, aliyeipanda karibu na Cape Town katika miaka ya 1890, ingawa ng'ombe wa Afrika Mashariki walikuwa wakiila porini muda mrefu kabla ya hapo. Nchini Kenya aina zinazojulikana ni Boma, Elmba, Mbarara na Masaba.

Maelezo

Masuke yake hutawanyika kama vidole kwenye ncha ya bua. Mashina mengine hutambaa ardhini na kuotesha mizizi kwenye vifundo, hivyo shamba hufunikwa upesi na udongo hauchukuliwi na mvua. Mmea huu huvumilia ukame wa kiasi na udongo wenye chumvi, lakini haupendi kivuli wala udongo wenye asidi nyingi.

Upandaji

Mbegu ni ndogo sana, nyepesi na zenye manyoya. Kosa la kawaida ni kuzifukia mno: zikiwa chini zaidi ya sentimita 2, nyingi hazichomozi, na mkulima hudhani ameuziwa mbegu mbovu. Ardhi hulainishwa vizuri, mbegu huchanganywa na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, kisha hufunikwa kidogo tu, kwa mfano kwa kuburuta tawi la mti. Mbegu zilizovunwa karibuni huota vibaya. Ni afadhali zikae miezi kadhaa kwanza. Magugu ni lazima yaondolewe mapema, na mifugo isiingizwe mpaka mizizi iwe imeshika, kwa sababu miche michanga hung'olewa kwa urahisi.

Uvunaji na nyasi kavu

Wakati bora wa kukata ni nyasi inapoanza kutoa maua. Majani machanga sana yanaweza kuwa na protini ya asilimia 17, lakini katika majani yaliyozeeka hushuka hadi karibu asilimia 3. Anayesubiri ili apate mzigo mkubwa zaidi huishia kuwalisha ng'ombe mabua. Hata hivyo, wanaovuna mbegu hulazimika kusubiri, na nyasi inayobaki huwa duni.

Nyasi iliyokatwa huanikwa kwa siku mbili au tatu na kugeuzwa mara kwa mara. Wakulima wasio na mashine hushindilia nyasi ndani ya kasha la mbao na kuifunga kwa kamba. Robota moja lililoshindiliwa vizuri huwa na kilo 20 hivi. Marobota huwekwa juu ya mbao, chini ya paa. Yakifungwa yakiwa na unyevu huota ukungu, tena rundo kubwa linaweza kupata joto hadi kuwaka lenyewe.

Akiba ya namna hiyo ina thamani kubwa katika maeneo ya wafugaji. Ukame wa miaka 2020–2022 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya, wengi kwa kukosa malisho na maji.

Katika nchi za Ghuba

Nchini Omani na nchi jirani nyasi ya Rhodes hulimwa kwa umwagiliaji na kukatwa mara nyingi kwa mwaka. Hutumia maji mengi ya visima, jambo zito katika uwanda wa pwani wa Batinah, ambako maji ya bahari yameingia katika maji ya ardhini.