Biskuti, Matobolwa na Mvuke wa Hewani

Mpishi wa Tabora aokaye biskuti mwezi Agosti aweza kuziacha sahanini usiku kucha, na asubuhi akazikuta zingali zikivunjika kwa mlio. Akizioka mwezi Januari, kesho yake huzikuta zimelegea. Unga ni ule ule na jiko ni lile lile. Kilichobadilika ni hewa.

Kiangazi cha Unyamwezi huanza Mei hadi Oktoba. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Hewa daima hubeba maji yasiyoonekana, ndiyo mvuke. Chakula kikavu huunyonya mvuke huo, na chakula chenye maji mengi hutoa maji yake hewani, mpaka pande mbili zilingane. Biskuti itokapo jikoni ina maji machache mno, aghalabu chini ya sehemu 5 katika 100 za uzito wake. Hivyo hewa ya masika haikosi cha kuipa. Mkate hupoteza maji, ingawa ugumu wake hautokani na kukauka tu: wanga wake hujipanga upya na kushikamana, hata ukifungwa vizuri.

Asali nayo yataka tahadhari, maana Tabora ni nchi ya asali na wengi hupenda kuitia badala ya sukari. Ndani yake mna fruktosi nyingi, aina ya sukari ivutayo maji kuliko sukari ya kawaida. Biskuti za asali ni tamu sana, lakini hulegea mapema.

Kwa hiyo biskuti hazina budi kupoa kabisa kabla ya kutiwa katika kopo lenye kifuniko cha kubana. Zikifungiwa zingali moto, mvuke wake hugeuka matone chini ya kifuniko na kuzirudia. Zisiwekwe pamoja na keki, kwani keki itatoa maji na biskuti zitayapokea. Zilizolegea bila kuota ukungu hurudishwa katika joto dogo kwa dakika chache, kisha huachwa zipoe.

Wanyamwezi na Wasukuma walikwisha kuitumia kanuni hii katika viazi vitamu. Kiazi kibichi ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, nacho huoza upesi. Kikimenywa, kikakatwa vipande na kuanikwa kibichi, hupatikana michembe. Kikichemshwa kwanza, hupatikana matobolwa. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia ya pwani ilikuwa ya miguu: Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba. Kwa mpagazi wa njia hiyo, maji yaliyomo katika chakula yalikuwa mzigo wa ziada begani. Mabaharia wa Ulaya nao walichukua biskuti ngumu za safari. Asili ya neno lenyewe ni “iliyopikwa mara mbili”.

Biskuti iliyolegea ni hasara ndogo. Michembe iliyolowa mwezi Februari, mavuno yangali mbali, ni jambo jingine. Hewa inayozunguka chakula ikiwa na chini ya asilimia 60 ya mvuke inaoweza kuuchukua, ukungu hauoti. Ikizidi sana hapo, huota, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu mikoani Dodoma na Manyara.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili darasani. Chukueni chupa tatu zenye midomo mipana. Ya kwanza iwe kavu. Ya pili itiwe maji kidogo. Ya tatu itiwe maji yaliyokorogwa na chumvi hadi chumvi nyingine ibaki chini bila kuyeyuka; hewa ya chupa hiyo itakaa karibu na asilimia 75. Pimeni vipande vitatu vya biskuti, mvining'inize kwa uzi bila kugusa maji, kisha mzibe chupa. Vipimeni tena siku ya tatu na ya saba, mkiandika uzito na hali ya kila kimoja. Kisha rudieni kwa michembe. Vipande vya jaribio visiliwe.