Urani ya Manyoni: Kinu cha nyuklia kikizimwa, joto linaenda wapi?

Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ilipo Kilimatinde, ina urani ardhini. Kampuni ya Uranex ya Australia iliwahi kuitafiti. Ukitaja urani, wengi huuliza kwanza: hivi haiwezi kulipuka?

Ikiwa ardhini, hapana. Katika urani ya asili, aina inayopasuka kirahisi ni asilimia 0.7 tu, tena imetawanyika kwenye udongo. Joto linakuwa hoja ndani ya kinu.

Mfano upo kwa jirani zetu DR Congo. Mwaka 1959 Kinshasa iliwasha kinu cha utafiti, TRICO I, cha kilowati 50. Mwaka 1972 kikafuata TRICO II, cha megawati 1. Vyote ni vya aina ya TRIGA, iliyobuniwa Marekani iwe salama hata mikononi mwa wanafunzi.

Usalama huo umo ndani ya fueli yenyewe. Urani imechanganywa na zirkoni iliyoshika haidrojeni. Kazi ya haidrojeni ni kupunguza mwendo wa nyutroni, chembe zinazopasua urani, maana zikienda polepole ndiyo zinapasua vizuri. Fueli ikipata moto sana, haidrojeni inatetemeka na kuzisukuma nyutroni zikimbie. Zikikimbia, hazipasui sana. Nguvu ya kinu inashuka yenyewe, chini ya sekunde moja, kabla mtu hajagusa kitufe. Ajabu, lakini ndivyo kilivyo.

Ila kuzimika na kupoa ni mambo mawili. Mama ntilie analijua hili: ukiacha kupepea jiko, makaa bado yanaunguza. Kinu kikizimwa, mabaki ya urani iliyopasuka yanaendelea kutoa joto, mwanzoni karibu asilimia 6 ya nguvu ya awali, kisha linapungua hadi kama asilimia 1 baada ya saa chache.

Kwa kinu cha megawati 1, hizo ni kama kilowati 60. Maji ya bwawa kinamokaa yanalimeza joto hilo bila shida.

Kinu kikubwa cha umeme kinaweza kutoa joto la megawati 3,000. Asilimia 6 yake ni megawati 180, na hizo hazisubiri mtu. Fukushima, Japani, mwaka 2011, vinu vilijizima vizuri tu tetemeko lilipopiga. Tsunami ikaharibu jenereta, pampu za kupooza zikakosa umeme, fueli ikayeyuka.

Singida ni mkoa mkavu. Siku likija wazo la kujenga kinu kikubwa huko, la kuuliza mapema ni maji yatatoka wapi, na umeme ukikatika, nini kitayasukuma.