Magugu Katika Shamba la Maarifa

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ni ipi ifuatwe pale umma unapochafuliwa maarifa yake?

Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari, 2001, ni shamba la wote. Kila mtu aruhusiwa kulima humo, na kila mtu aruhusiwa kupalilia. Huenda mwanao, ndugu msomaji, huifungua kwa simu kila afanyapo kazi ya shule. Yafaa basi ujue magugu ya shamba hilo hung'olewa kwa utaratibu gani.

Katika Wikipedia ya Kiingereza, makala ikishukiwa kuwa haifai hupelekwa mbele ya wahariri wa kujitolea, nao huijadili kwa siku saba. Kisha hoja hupimwa, wala si kuhesabu kura tu, na uamuzi hutolewa. Siku hizo ni haki ya mwandishi: aweza kujitetea na kuleta ushahidi.

Mambo yalibadilika tangu mwisho wa mwaka 2022, zilipoenea programu za kompyuta zitungazo maandishi zenyewe. Mtu asiyejua lolote juu ya jambo aweza kupata makala ndefu kwa dakika moja, akaibandika bila hata kuisoma. Mwenye kuikagua hana budi kutafuta kila kitabu kilichotajwa. Mharibifu hutumia dakika, mtengenezaji hupoteza siku.

DALILI TATU

Kwa sababu hiyo, Agosti 2025 wahariri hao walikubaliana juu ya njia ya mkato. Makala iliyotungwa na mashine bila kukaguliwa na binadamu yaweza kufutwa bila kungoja siku saba, ikiwa ina dalili zilizo wazi. Kwanza, maneno ambayo mashine ilimwambia mteja wake, naye akayasahau humo, mfano wa "hii hapa makala uliyoomba". Pili, kutajwa kwa vitabu ambavyo havikupata kuwako. Tatu, ushahidi usiohusiana na jambo lenyewe, kana kwamba habari za reli zimethibitishwa kwa kitabu cha mapishi.

Lugha ya madaha peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwani binadamu nao huandika hivyo. Tena, mhariri huweka alama tu. Msimamizi ndiye huangalia na kufuta. Wepesi umeongezwa pale ambapo kosa halina ubishi. Penye shaka, mjadala wa siku saba unabaki.

LUGHA ZENYE WALINZI WACHACHE

Pasipo walinzi, hasara ni kubwa. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Mwaka 2025 uliamuliwa kufungwa kwa Wikipedia ya Kigreenland, iliyojaa tafsiri mbovu za mashine. Wakazi wa Greenland ni kama 57,000 tu, na waliojitokeza kuhariri walikuwa wachache mno.

Kiswahili kina wasemaji mamilioni, lakini wapaliliaji wake katika Wikipedia si wengi. Kanuni ile ni ya Kiingereza; kila lugha hujitungia zake, na huzitekeleza kwa mikono yake yenyewe.

Mzazi naye anayo kazi. Mfundishe mwanao kukagua namba ya ISBN ya tarakimu 13. Tarakimu ya kwanza izidishwe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba hiyo ina kosa au ni ya kubuni. Ikigawanyika, bado kitabu chenyewe kitafutwe. Na ukikuta uongo katika makala, usiishie kusikitika: gusa neno "hariri", urekebishe. Shamba ni letu sote.