Nani Akae na Beta Katika Tangi Dogo?

Akina mama, watoto wetu wa siku hizi hawaridhiki tena na kuku na paka. Wanataka samaki wa kwenye kioo. Baba akirudi Kibiti kutoka Dar es Salaam, pamoja na mkate na sabuni anashusha chupa yenye maji, na ndani yake samaki mmoja tu, mdogo kama kidole, mwenye mapezi marefu yanayopepea kama kanga mpya. Huyo ndiye beta, ambaye wengine humwita samaki mpiganaji wa Siam. Nyumba nzima inamzunguka. Kesho yake asubuhi mtoto anakuja na ombi: "Mama, yuko peke yake. Tumtafutie mwenzake."

Ni ombi la mtoto mwenye huruma, na mama mwenye haraka zake hujibu, "Haya, katafute." Huku kwetu hana haja ya kwenda mbali. Kuna madimbwi, kuna majaruba ya mpunga, kuna mto wenyewe. Baada ya saa moja mtoto amerudi na kopo: visamaki viwili, konokono watatu, na suruali imelowa hadi mapajani. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tukiona kopo la namna hiyo, macho yetu huenda kwanza kwenye ile suruali. Tutarudi huko. Kwanza tumfahamu mgeni wetu.

Mgeni kutoka mashamba ya mpunga

Beta anatoka Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam. Wenyewe humwita kwa jina lenye maana ya samaki anayeuma, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kwao huishi katika maji ya kina kifupi, ya uvuguvugu, yenye majani mengi: mashamba ya mpunga, mifereji, vinamasi. Mama wa Rufiji akipelekwa huko asingeshangaa sana.

Maji ya namna hiyo mara nyingi yana hewa kidogo. Kwa hiyo samaki huyu, mbali na mashavu ya kawaida, ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Utamwona akipanda, anafungua mdomo, anashuka. Ndiyo sababu wauzaji humweka katika chupa ndogo na hafi, na ndiyo sababu hata umeme ukikatika usiku hana shida ya pampu. Lakini wanaodhani kwamba kwa kuwa hafi chupani basi anaishi vizuri humo wanamwonea.

Ugomvi wake ni wa asili, na watu wameuzidisha kwa kuchagua wakali na kuwazalisha vizazi kwa vizazi kwa ajili ya mashindano. Dume hulinda eneo lake. Katika jaruba, dume akishindwa hujipenyeza majanini akaenda zake, na vita imekwisha. Katika tangi la lita chache hakuna pa kwenda. Aliyeshindwa hukutana na adui yake kila baada ya dakika mbili. Mapezi huchanika, vidonda huota ukungu mweupe, naye huacha kula. Mengine yote katika makala hii yanatokana na jambo hilo moja: katika chombo kidogo mnyonge hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo madume wawili, kamwe. Hata ndugu wa tumbo moja.

"Basi tumwoze," mama mmoja alituambia, na tulicheka naye. Ndoa ya beta ni ya siku chache. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji. Jike akishataga, dume huyaokota mayai kwa mdomo, huyapanga katika mapovu na kuyalinda, na yakidondoka huyarudisha. Ndiyo, akina mama, baba ndiye anayelea. Lakini jike huyo huyo dume humfukuza kwa meno, na asipotolewa mapema anaweza kuuawa. Jike naye akipata nafasi huyala mayai. Asiye na chombo cha pili asiwaweke pamoja.

Ndoo ngapi?

Tupime kwa kipimo tulicho nacho wote, ndoo ya lita 20. Beta mmoja apewe angalau nusu ndoo, na ndoo nzima ni bora zaidi. Kwa ukubwa huo akae peke yake. Hatasononeka, kwani si samaki wa kutembea makundi. Mpeni majani ya kujificha, kigae cha chungu kilicholazwa ubavu, na kifuniko chenye matundu maana anaruka. Mtoto anayeona beta mpweke anamvika samaki moyo wake mwenyewe, jambo ambalo si baya, ila mama anaweza kumweleza.

Wenye tangi la ndoo mbili au zaidi, hao ndio waanze kufikiria wenzake. Hapo tutazame mambo manne: asifanane na beta, asimdonoe, asimezwe wala asimmeze, na apende maji ya namna moja naye.

Gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangi, ndio wanaonunuliwa mara nyingi, na ndio wanaoleta vilio. Beta akiona mkia mpana wa rangi anadhani ni dume mwenzake. Yule mama aliyetaka kumwoza beta wake alinunua gapi watatu badala ya mchumba. Siku ya tatu walibaki wawili, na mmoja wao hakuwa na mkia. Samaki wa dhahabu naye hafai: hupenda maji ya ubaridi, hukua sana, na huchafua maji upesi. Wale wenye milia kama chui wenye tabia ya kudonoa watamnyonyoa mapezi mpaka aishe.

Wanaoweza kukaa naye ni wale wasio na makuu. Wapo samaki wadogo wa Amerika Kusini wenye masharubu, waitwao koridora, ambao hushinda chini wakitafuta makombo, huku beta akitawala juu. Lakini hao hupenda kuwa kundi la sita au zaidi, ndiyo maana tumesema ndoo mbili na kuendelea. Neoni, wale wembamba wanaong'aa mstari wa buluu, nao huwezekana wakiwa kundi na tangi likiwa na majani mengi. Hata hivyo kila beta ana tabia yake. Yuko mpole, na yuko asiyevumilia hata kivuli chake kwenye kioo. Ingizeni wageni kwanza, beta awe wa mwisho, ili asikute tangi ni lake tayari. Na wekeni tayari chombo cha pili, kwa maana akianza kuwafukuza mfululizo siku ya kwanza, siku ya pili hatatubu.

Na hawa wa kwetu?

Bonde letu lina samaki wa kujivunia. Masika yakijaza madimbwi, huonekana visamaki vya rangi kali kama shanga, na watu husema vimeshuka na mvua. Havikushuka. Mayai yake yalikuwa yamelala ndani ya tope kavu tangu kiangazi, na maji yalipofika yakaanguliwa. Hukua kwa wiki chache, hutaga topeni, na dimbwi likikauka wote hufa, wakiacha mayai kungoja mvua nyingine. Mmojawapo, aliyepewa jina la kitaalamu Nothobranchius eggersi mwaka 1982, ni wa sehemu hizi za chini za Rufiji, na wafugaji wa Ulaya humtunza kama lulu. Lakini dume lake ni la rangi kali na ni gomvi kama beta. Kuwaweka pamoja katika ndoo moja ni kuweka majogoo wawili ndani ya tenga.

Perege mtoto anapendeza akiwa na ukubwa wa ukucha. Baada ya miezi michache ni kitoweo, na tangi ni lake. Kambare mchanga hutulia mchana, na usiku hummeza aliyelala. Kamba wa delta, upande wa Nyamisati na vijiji vya mikokoni, wamezoea maji yenye chumvi, na katika maji matamu ya beta hawatadumu.

Sasa konokono. Katika nchi nyingine konokono wa majini ndiye mwenzake beta anayesifiwa kuliko wote, kwa sababu hula uchafu, hana mapezi ya kugombaniwa, na ana nyumba ya kujifungia. Kwa konokono aliyezalishwa dukani ni kweli. Kwa konokono wa dimbwini pwani ya Tanzania, sisi tunasema hapana.

Kichocho cha mkojo kiko katika ukanda wetu wa pwani, na njia yake hupita kwa konokono wadogo wa maji matamu. Mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai ya mdudu huanguliwa na kuingia kwa konokono. Humo huzaliana kwa wingi, kisha vijidudu hutoka na kuogelea, hasa jua linapokuwa kali, saa zile zile ambazo watoto wako majini. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, wala mtoto hahitaji kunywa maji hayo. Baadaye huonekana damu katika mkojo, mara nyingi mwishoni mwa haja, na maumivu. Kwa wasichana na sisi wanawake, mayai ya mdudu huyo huweza kukaa katika sehemu za uzazi na kuleta vidonda, kutokwa na damu, hata ugumba, na wengi hutibiwa kwanza kama wenye magonjwa ya zinaa, pamoja na aibu yote inayofuatana nayo.

Vijidudu vilivyokwisha kutoka kwa konokono hufa ndani ya siku mbili hivi. Lakini konokono mwenye ugonjwa akikaa tangini huendelea kuvitoa kila siku, na mkono wa mtoto unaingia humo kila siku. Kwa hiyo konokono wa dimbwini asiingie nyumbani, na majani ya dimbwini pia yaachwe, kwa kuwa mayai ya konokono hung'ang'ania humo. Mtoto aliyekwisha kuingia majini, na akaonekana na damu katika mkojo, apelekwe kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Msimpige, maana aliyepigwa mara ya kwanza, mara ya pili ataficha.

Hatukutaja mamba. Watu wa mtoni hawahitaji kuambiwa.

Maji, chakula na mikono

Samaki hujisaidia katika maji hayo hayo anayovuta, na uchafu huo hugeuka sumu. Kila mwenzake anayeongezwa anaongeza sumu. Katika tangi jipya vijidudu vyema vya kuivunja huchukua wiki kadhaa kuota, kwa hiyo anzeni na samaki mmoja, na wageni wangoje. Badilisheni robo ya maji kila wiki. Msiyamwage yote na kusugua kioo kwa sabuni.

Maji ya bomba yalazwe siku nzima katika ndoo wazi ili klorini itoke. Maji ya kunywa mliyoyatia dawa ya klorini kuzuia kipindupindu ni salama kwenu, lakini humuua beta. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, afadhali maji ya mvua safi. Joto letu linamtosha bila mashine, ila tangi lisikae dirishani penye jua.

Beta hupenda sana viluwiluwi vya mbu, na hapo tunamsifu. Lakini tumeona nyumba ambayo mtungi uliachwa wazi uani ili kumfugia chakula. Mbu wa homa ya dengue huzaliana katika maji safi ya namna hiyo, na Dar es Salaam iliiona homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Chukueni viluwiluwi mnavyovikuta, kisha mwageni maji yote. Siku nyingine mpeni punje chache za chakula cha dukani, maana tumbo lake ni dogo kama jicho lake.

Anayesafisha tangi anawe kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe pamoja na vyombo vya kulia. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono, kwa sababu wapo vijidudu vya maji ya samaki vinavyoleta uvimbe wa ngozi usiopona kwa wiki nyingi. Na ndoo yenye maji isiachwe sakafuni penye mtoto anayetambaa, maana maji ya kiganja kimoja yanatosha kumzamisha.

Watoto hukua na kuchoka na samaki. Siku hiyo ikifika, mpeni jirani mwenye tangi au shule. Asipelekwe mtoni "akaishi vizuri," wala asiwekwe katika kidimbwi cha uani. Ziwa Viktoria lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hapa kwetu mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia mashambani na majumbani, Kibiti na Rufiji. Kidimbwi cha uani siku hiyo kilikuwa sehemu ya mto.