SHUJAA WA JEMBE

Tukisikia neno shujaa wengi wetu hukumbuka vita. Humkumbuka mtu mwenye bunduki au mkuki. Sisi mabwana shamba nasi huhutubia sana mikutanoni juu ya ushujaa wa kazi. Watu hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani. Naona afadhali leo nimtaje mtu mmoja aliyeifanya kazi yenyewe.

Jina lake ni Yacouba Sawadogo. Alikuwa mkulima wa Gourga, kaskazini ya nchi ya Burkina Faso, Afrika Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukame mkali uliipata sehemu hiyo. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Mvua kidogo iliyonyesha ilitiririka juu yake ikapotea. Watu wengi walihama kwa sababu ya njaa. Yacouba hakuhama. Aliacha biashara yake ya sokoni, akashika jembe.

Wazee wa huko walikuwa na desturi ya kuchimba mashimo madogo katika ardhi iliyochoka. Mashimo hayo huitwa zai. Yacouba aliyachimba yakawa mapana zaidi na yenye kina zaidi. Tena aliyachimba wakati wa kiangazi, kabla ya mvua. Katika kila shimo alitia samadi. Samadi iliwavuta mchwa. Sisi huwachukia mchwa, na tuna haki, maana hula hata milango yetu. Lakini kwake walikuwa vibarua wasiodai mshahara. Walitoboa ardhi ngumu, na mvua iliponyesha maji yaliingia chini. Pia alipanga mistari ya mawe shambani ili maji yasikimbie.

Majirani walimwita mwendawazimu. Nani huchimba shamba katika jua kali namna ile?

Mvua ilipokuja, mtama wake na uwele wake vilistawi. Katika mashimo miti nayo iliota, kwa mbegu zilizokuwa ndani ya samadi. Hakuing'oa. Aliitunza ikawa msitu. Kisha watu wakauchoma moto.

Hapo ndipo mimi ninapomwona shujaa hasa. Kuanza kazi si jambo gumu sana. Kuanza tena juu ya majivu ni jambo gumu. Yeye alipanda tena. Msitu ule ulifika karibu hekta 40, wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka.

Wala hakuficha ujuzi wake. Mara mbili kwa mwaka aliwakaribisha wakulima wa vijiji vingine shambani kwake. Walibadilishana mbegu, wakayaona mashimo kwa macho yao.

Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa nchini Sweden. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa nao ulimtunuku. Alifariki Desemba 2023.

Kwetu Tanzania, wakulima wa Chololo, mkoani Dodoma, nao wana mashimo yao ya namna hiyo. Kuchimba ni kazi nzito, nisiwadanganye. Afadhali kuanza mara baada ya mavuno, mistari michache kila asubuhi, kabla jua halijawa kali.